Mechi Ngapi?

Wiki hii mdogo wangu amejifungua salama, mkataba wangu wa kufundisha umeongezwa mwaka mmoja, na gari limetoka gereji, lakini kila ninapofumba macho ninalolisikia ni swali la maneno mawili nililoulizwa Jumamosi jioni, nikiwa nimeinama naokota koni uwanjani: "Mechi ngapi?"

Mliosoma niliyoandika mwaka jana mnakumbuka kwamba kila msimu unapokwisha huwa tunawaalika wachezaji wa zamani na makocha waje kuzungumza na wanamichezo wetu wanaohitimu sekondari. Safari hii wazungumzaji tulikuwa watatu: mshambuliaji mstaafu ambaye vijana bado wanaiga namna alivyokuwa akishangilia mabao, Mzee aliyenifundisha mimi kabla goti halijaniharibikia, na mimi mwenyewe, ambaye huwekwa mwisho kwa sababu sidai nauli.

Nilizungumza vizuri, na sioni aibu kulisema hilo. Niliwasimulia habari za Gareth Southgate, ambaye mkwaju wake wa penalti uliokolewa na kipa wa Ujerumani katika nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya mwaka 1996, pale Wembley, mbele ya mashabiki wa nchi yake mwenyewe, na ambaye miaka 22 baadaye, akiwa kocha wa Uingereza, aliiona timu yake ikiitoa Kolombia kwa penalti hizohizo katika Kombe la Dunia. Nilinyamaza mahali pa kunyamaza, nikapandisha sauti mahali pa kupandisha, na wazazi wawili wa mstari wa mbele walifuta machozi.

Makofi yalipokwisha na watu wakaanza kutawanyika, alinifuata kipa wetu wa tatu. Amekuwa nasi miaka minne, na katika miaka hiyo yote hajacheza hata dakika moja ya mechi ya mashindano, kwa sababu makipa wawili waliomtangulia hawakuumia, hawakuonyeshwa kadi nyekundu, wala hawakupata hata mafua siku ya mechi.

"Mwalimu, hotuba zimenigusa," alianza, kwa adabu yake ileile. "Ila nimeona wote mliozungumza mlicheza. Aliyekaa benchi hakupatikana?"

"Hata mimi nimewahi kukaa benchi," nilimjibu haraka, kama beki anayebutua mpira nje bila kutazama.

"Mechi ngapi?"

"Mbili. Nilikuwa natoka kuumia."

Alitabasamu, akasema, "Asante, Mwalimu," akaokota koni mbili zilizokuwa mbali nami, akazipachika juu ya zile nilizokuwa nimezishika, akaenda zake.

Nimelipima swali lile kwa kila sauti. Nimelisema kwa dhihaka, nikaona halikuwa na dhihaka. Nimelisema kwa uchungu, nikaona hata uchungu haukuwamo. Kijana alitaka kujua idadi, basi. Kinachonichoma ni jibu langu, na hasa ile sehemu yake ya pili, kwa maana hakuna aliyeniuliza nilikuwa natoka wapi. Nyongeza ile niliitoa mwenyewe, papo hapo, ili kijana ambaye hajawahi kupangwa asije akadhani kwamba nami niliwahi kuachwa kwa kukosa kiwango.

Usiku wa Jumapili ndipo nilipoiona kasoro ya hotuba yenyewe. Hadithi zote tunazowapa vijana kuhusu kushindwa ni za watu waliochaguliwa. Ili ukose penalti ya nusu fainali, sharti kwanza mtu akuamini, akupange, akuache uwanjani dakika 120 nzima, kisha akukubalie uusogelee mpira. Nilimfikiria Arrigo Sacchi, ambaye hakuwahi kucheza mpira wa kulipwa na aliyeuza viatu kabla hajaiongoza Milan kutwaa Kombe la Ulaya mwaka 1989 na 1990, lakini nikaona hadithi yake nayo inaishia kwenye kombe, na kijana hakuniuliza habari za makombe.

Nikaikumbuka Uholanzi ya mwaka 2014, na kwa nusu saa hivi nilidhani nimepata dawa. Katika robo fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Costa Rica, muda wa nyongeza ukiwa unayoyoma, Louis van Gaal alimtoa kipa wake wa kwanza, Jasper Cillessen, akamwingiza Tim Krul kwa ajili ya penalti tu, naye akaokoa mbili. Siku chache baadaye, katika mechi ya kuwania nafasi ya tatu dhidi ya wenyeji Brazil, kipa wa tatu, Michel Vorm, aliingizwa dakika za majeruhi, na Uholanzi ikawa imewatumia wachezaji wake wote 23. Nilikwisha kushika simu nimwandikie kijana habari hiyo, nikajizuia. Vorm aliingia kwa sababu kocha wake alikumbuka kugeuza shingo na kulitazama benchi, na kocha wa kijana huyu ni mimi. Msimu huu tulikuwa tukiongoza mabao manne kwa bila, zikiwa zimebaki dakika kumi hivi, na nilikuwa bado na nafasi ya kubadilisha wachezaji. Nilimwingiza winga.

Jumatano nilimpigia simu Mzee, nikijifanya ninamshukuru kwa kuja, kisha nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake, halafu akauliza, "Wewe penalti ulikuwa ukijifunzia kwa nani?"

"Kwa kipa."

"Kipa yupi?"

Nikanyamaza, kwa kuwa alikuwa kipa wetu wa akiba. Wenzetu walipokuwa wakienda kuoga yeye alibaki langoni, na glavu yake ya kulia ilikuwa imechanika kwenye kidole gumba akaizungushia plasta, na hakuwahi kunihimiza nimalize haraka hata giza lilipokuwa linaingia na mpira unaonekana kwa shida. Glavu ile ninaiona mpaka leo, ila jina lake lilikataa kuja. Mzee alilitaja papo hapo, akaongeza kwamba huzungumza naye kila mwezi.

"Na zile za kushoto alikuwa akikuachia," Mzee alisema. "Aliniambia mwenyewe. Alisema ukikosa mbili mfululizo unanuna, na ukinuna hatumalizi."

Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuja kuuliza kulikoni. Miaka yote ile nimejigamba kwa upande wangu wa kushoto, nimewafundisha watoto wa watu kuuamini upande wangu wa kushoto, kumbe ulikuwa ni hisani ya mtu aliyekuwa anataka kwenda kuoga! Sikumbuki mara ya mwisho habari ya kunipunguza namna ile iliponipa furaha, na usiku huo nililala mapema kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Alhamisi nilimkuta kijana uwanjani pamoja na makipa wadogo, ingawa mitihani imekwisha na hana wajibu wowote kwetu tena. Alikuwa amechora kwa kisigino mstari mfupi kutoka katikati ya goli kuja mbele, ili mtoto aliyesimama langoni ajue alipo bila kugeuka nyuma. (Kwenye mechi sheria inakataza mchezaji kuchora alama uwanjani, na refa anaweza kumwonyesha kadi ya njano, mazoezini mimi hufumba macho.) "Usimtazame machoni, atakudanganya," alikuwa akimwambia. "Tazama mguu wake wa kusimamia. Kidole chake kinapoelekea, mpira mara nyingi unafuata huko." Mpigaji akakimbia, mguu ukakita, mtoto akaruka kulia akiwa amechelewa kidogo tu, mpira ukamgusa ncha za vidole ukagonga mwamba.

Nilimwita pembeni. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakabaki machache. "Aliyekuwa anapanga kikosi ni mimi," nilimwambia. "Siku ile ya mabao manne ningeweza kukuingiza, na sikufanya hivyo. Sikuwa na sababu."

"Dakika ya themanini na moja," alisema. "Nilikuwa nimeshavaa glavu."

Hakulisema kwa hasira. Aliniangalia kidogo, akangoja aone kama nina la kuongeza, nami sikuwa nalo. Basi akarudi langoni, akaukanyaga ule mstari uliokuwa umeanza kufutika, akauchora upya. "Rudia," akamwambia mtoto.

Sasa ni saa nne usiku, na ufunguo wa stoo ya mipira siuoni. Nimepekua mfuko wa koti, gari lote na droo ya jikoni. Wa akiba nao nilimpa mtu mwezi uliopita, na sikumbuki ni nani.