Matapishi ya uji, kinyesi cha tende: tulivyopiga komedi ya uchafu kwa hela ya kuungaunga

Kila anayeiona ile filamu swali lake la kwanza ni lilelile, yale matapishi mlitengeneza na nini, hakuna anayeuliza habari ya skripti wala taa, basi ngoja niseme yote leo maana nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Stori yenyewe fupi. Kuna jamaa mzamiaji wa harusi, mwaliko hana hata mmoja, Jumamosi moja anazama harusi tatu hapa Dar, kote anakula pilau kama kesho haipo, sasa ile ya tatu tumbo linamgeuka akiwa amebanwa siti ya nyuma kwenye gari la maharusi. Kuanzia hapo ni mtu anatafuta choo mpaka filamu inaisha. Ndo hivo tu. Hela ilikuwa michango ya washkaji, kamera ya kuazima kwa jamaa anayerekodi maharusi (na kusema kweli ndo maana stori ikawa ya harusi, nguo na maturubai tulishajua pa kuyapata), chakula cha seti kapika dada yangu.

Matapishi sasa. Watu wa filamu wengi wanaijua ile ya The Exorcist, filamu ya kutisha ya 1973, kwamba yale matapishi ya kijani ilikuwa supu ya njegere. Nikasema njegere zipo sokoni, lakini mtu aliyeshindilia pilau hatapiki kijani bwana, na mtazamaji wa hapa pilau anaijua kuliko sisi. Tukapika uji mwepesi wa sembe, ukatiwa binzari manjano kidogo, karoti ya kuchemsha iliyokwanguliwa, wali uliopondwa nusunusu punje zionekane, af ukwaju. Ukwaju ndo wenyewe. Unaleta ile rangi ya kukera, unafanya uji uvutike, na mwigizaji mdomoni anasikia kitu cha maana. Bila ukwaju kwenye kamera unaonekana uji tu, mtu atatamani na andazi.

Kuutoa mdomoni ni kazi nyingine, maana mdomo wa mtu haubebi kitu, ukitegemea ateme kile alichoshika shavuni unapata mate. Tulinunua bomba la kunyunyizia dawa za bustani, jipya kabisa, lile lililowahi kutiwa dawa hata ulioshe vipi usilipeleke karibu na mdomo wa mtu, tukatoa ile pua ya mbele kwa sababu punje za wali zinaziba, mpira tukaupitisha nyuma ya shingo ukatokea kona ya mdomo upande ambao kamera haiuoni, ukashikwa na plasta iliyopakwa fondesheni. Kuna dogo kalala chini ya siti anapampu. Presha ikiwa ndogo inachuruzika kama mtoto anacheua, ikizidi inamvuka bibi harusi inapiga kioo, kwa hiyo dogo alikuwa anahesabu kwa sauti na dairekta anamwambia ongeza, punguza, ongeza, kama fundi wa tairi.

Af jua. Uji wenye ukwaju ndani ya gari lililofungwa vioo, Dar, saa nane mchana, unaanza kuchacha huku unauona. Ikafika teki moja mwigizaji wetu akatapika kweli, seti nzima tukashangilia tukijua tumepata dhahabu. Tulipoiangalia jioni haifai hata kidogo! Mtu akitapika kweli anainama, anaficha uso, analia, unamuonea huruma basi. Hakuna kichekesho pale. Kilichobaki kwenye filamu ni ya bomba, na tena ukiiangalia vizuri uji wenyewe unauona kidogo sana, muda mwingi unaangalia sura ya shangazi wa bibi harusi aliyekaa pembeni na gauni la kitenge jipya, jinsi anavyouona unakuja na hana pa kwenda. Mzee Majuto, yule mchekeshaji, Mungu amrehemu, toka atutoke Agosti 2018 bado watu wanarudia zile sura zake, alikuwa anatoa macho tu umeshakufa kwa kicheko, kitu chenyewe anachokiangalia hata hujaonyeshwa. Mi naamini komedi ya uchafu ipo kwa yule anayeuona uchafu, na uzuri wake sura ya shangazi haina gharama.

Kinyesi kilikuwa rahisi zaidi na kilitupa tabu zaidi. Tende zimetolewa kokwa, zimetwangwa na kakao kidogo, ukizifinyanga zinakaa vile unavyotaka mpaka unajisikia vibaya. Tatizo wanaozipenda ni wengi. Nzi walikuja wenyewe, hao tuliwakaribisha maana walifanya kitu kiaminike, lakini kunguru wa Dar unawajua, tumepanga pale mlangoni mwa choo, kamera inatafuta fokasi, kunguru kashuka kabeba kaenda nacho juu ya mwembe wa jirani. Ikabidi awepo mtu na fimbo pembeni ya fremu muda wote.

Kwa ile sini ya kutumbukia shimoni tulijenga choo cha mabati uani, shimo lenyewe kina cha magoti, na mpango ulikuwa kulijaza uji wa ulezi. Mama mwenye nyumba akatoka. Shikamoo mama, marahaba, kimya, anaangalia viroba. "Mwanangu, watu hawana cha kuweka sufuriani, we unga unaumwaga shimoni?" Huyo huwezi kumjibu habari za sanaa. Tukarudisha unga dukani, tukachukua pumba za mahindi, zile za chakula cha kuku, tukachanganya na maji na udongo mwekundu, na nakwambia zikawa bora, zina yale makapi yanayoganda kwenye nywele. Pumba kavu zilizobaki mama kachukua kwa kuku wake, na kesho yake tukaruhusiwa mpaka umeme.

Nguo nazo zina akili yake. Ukipiga sini ya kuchafuka unahitaji nguo ileile kadhaa, na mtumba wenyewe ni mmojammoja, hupati mashati mawili sawa hata ushinde soko la Karume siku nzima. Ndo maana jamaa anavua shati mapema na filamu nzima yuko na singlendi, zinauzwa kwa dazeni Kariakoo, tukazichovya kwenye chai ya rangi zionekane za zamani.

Kingine, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inataka kibali kabla ya kurekodi, na filamu ikaguliwe ipangiwe daraja la umri kabla haijaonyeshwa watu, kwa hiyo toka kwenye skripti tulishaamua vya chini ya kiuno visikike, visionekane.

Ndo hapo saundi ilipobeba filamu. Chupa ya plastiki ya tomato sosi inayokaribia kuisha, ukiibana taratibu, huo ushuzi hakuna binadamu ataukataa. Puto lililolowa likisuguliwa na kidole ni ule wa kubana. Wa siti ya ngozi tuliupata kwa sandali ya mpira kwenye kochi la sebuleni. Tulirekodi usiku, godoro limesimamishwa ukutani, blanketi juu ya maiki, watu wazima wanne wanabishana kama huu ni wa kabla ya pilau au baada, mpaka jirani akagonga kuuliza kama kuna mgonjwa.

Edita zile sauti bado anazo, folda kaiita "Mahesabu" ili wadogo zake wasiifungue, na kuna prodyuza wa tamthilia za majonzi kabisa ameshamwomba amgawie.