Wafalme wawili, simba mmoja

Ndiyo kwanza natoka makumbusho ya Capodimonte, Napoli, Italia. Niliganda mbele ya mchoro wa Mtakatifu Yeronimo, kazi ya Colantonio, mchoraji wa Napoli wa karne ya 15.

Mfalme René wa Anjou alikaa mjini hapa 1438 hadi 1442, na inasemekana hata yeye alishika brashi. Tarehe 2 Juni 1442, askari wa mpinzani wake, Mfalme Alfonso wa Aragon, wakapenya kupitia mfereji wa maji chini ya ardhi. Mfalme akawa mwingine, mchoraji Colantonio akabaki.

Sogea karibu sasa. Vitabu vimerundikwa hovyo, simba kanyoosha mguu atolewe mwiba. Mpole kama paka wa jikoni!

Rangi ya mafuta hiyo: tabaka jembamba, likauke, ndipo lingine. Ukipaka nzito, juu hukauka chini kukiwa kubichi, inakunjamana.

Nyie mngechorea nani, René au Alfonso?