Baritoni ya kitufe kibovu

Mwaka 2018 Pasaka iliangukia tarehe 1 Aprili, Siku ya Wajinga. Ndiyo maana Meku, kiongozi wa kikundi chetu cha tarumbeta, alipotuandikia kwenye grupu la WhatsApp kwamba mtunzi mmoja wa Arusha atapanda kuja kupiga nasi alfajiri ya Pasaka, tena na wimbo mpya aliotutungia, nusu ya kikundi ilimjibu kwa vicheko. Mmoja akamwambia, "Meku, utani umeuwahisha, subiri hata tarehe ifike."

Mtunzi mwenyewe tulikuwa tunamfahamu kwa sifa. Kama umewahi kuhudhuria harusi Arusha au Moshi, huenda nawe umemsikia bila kujua ni yeye. Matarumbeta ya harusi hukaa nyuma ya pikapu inayotangulia msafara, wapigaji wameipa njia mgongo na vyombo wamevielekeza kwenye gari la maharusi, na dereva akipita kwenye shimo ni meno yako na shaba. Humo ndimo alimopata jina. Kabla ya hapo alikuwa bendi ya polisi, na kusoma nota alikujulia huko. Jina lake naliacha, kwa sababu hapendi kuandikwa. Sisi tulimwita Mwalimu.

Tulikuwa kikundi cha tarumbeta cha usharika wa Kilutheri upande wa Old Moshi. Kwetu mambo haya ni ya zamani. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, Kidia ikawa mojawapo ya makao yao, na desturi ya kupiga nyimbo za ibada kwa vyombo vya shaba ni ya kwao. Babu zetu waliipokea wakaikamata kweli kweli. Alfajiri ya Pasaka, giza likiwa bado nene, kikundi hukusanyika nyuma ya kanisa, kwenye makaburi ya wachungaji wa zamani (sisi wengine tunazikana vihambani, kwenye mashamba ya migomba ya familia), na wimbo wa kwanza wa ufufuo hutoka kwenye tarumbeta kabla mtu yeyote hajafungua mdomo kuimba. Ndiyo saa ambayo Mwalimu aliitaka.

Alifika Jumamosi mchana kwa bodaboda kutoka Kiboriloni, matope hadi magotini, tarumbeta mgongoni kwenye begi la shule la mtoto. "Shikamoo mzee," akamwambia Meku, kisha akatupa mikono wote, hata watoto waliokuja kushangaa. Nikaona huyu tutaelewana naye. Hakukaa. Alitoa karatasi kwenye bahasha, akagawa, akahesabu hadi nne.

Kilichotoka sitaki kukikumbuka. Matarumbeta yalikwenda kwao, matromboni kwao, na tuba ya Meku ilikuwa ikinguruma katikati na kumtafuta wa kumfuata. Tukasimama. Tukaanza tena. Yale yale. Mwalimu akakunja uso, akachukua karatasi ya kijana wa tarumbeta ya kwanza na kumwambia apige nota ya kwanza peke yake. Ilikuwa C. Kijana akabonyeza kitufe cha kwanza na cha tatu, akapiga. Mwalimu akamtazama vidole, akacheka hadi akakaa chini.

Kumbe ni hivi. Kwenye bendi za polisi na jeshi, mpigaji akiona C kwenye karatasi hupiga tarumbeta wazi, habonyezi kitu, na sauti inayotoka ni B-flat. Mtunzi analijua hilo, kwa hiyo nota za tarumbeta huziandika toni moja juu zaidi ili zije kukaa mahali pake. Sisi wa kanisani tumelelewa vingine. Tukiona C tunatoa C ile ile ya kinanda. Mfumo huo ulitiliwa mkazo na mchungaji mmoja wa Ujerumani, Johannes Kuhlo, ambaye kwao walimpa cheo cha utani cha jenerali wa matromboni. Alitaka mpiga tarumbeta aweze kufungua kitabu kile kile cha waimbaji na kupiga moja kwa moja, bila kukokotoa. Kwa kanisani ni akili nyingi sana. Ila siku anapokuja mtu wa polisi na karatasi zake, matarumbeta yote hupaa toni moja juu ya wenzao. Mimi na baritoni yangu, chombo cha shaba cha bomba pana na sauti ya chini, pamoja na matromboni, tulikuwa kwenye ufunguo wa F, ule wa sauti za chini, ambao nota zake huandikwa kama zinavyosikika, kwa hiyo tulikuwa salama, na nakiri tulivimba vichwa kidogo.

Ikabidi karatasi zote za tarumbeta ziandikwe upya, toni moja chini. Mwalimu alikaa kwenye meza ya sakristia na vijana wawili wenye mwandiko mzuri, mvua inapiga bati, mama mmoja wa kwaya akatuletea chai na mahindi ya kuchemsha. Hapo ndipo alipoanza kutupa habari zake. Mwezi Februari alikuwa Unguja, Ngome Kongwe, kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara, akipiga nyuma ya mwimbaji mmoja. Kuhusu jukwaa lenyewe hakusema sana. Alichokuja nacho kichwani ni beni aliyoisikia mitaani, shaba na ngoma, akinamama wanaitikia, na akawa anatugongea mapigo yake kwa kalamu juu ya meza ya sakristia. Meku, ambaye hapendi meza hiyo iguswe, alinyamaza.

Jumamosi nyingine alikuwa akifundisha watoto upande wa Usa River. Vyombo hakuwa navyo vya kutosha, kwa hiyo aliwaanzishia kwenye mpira wa kumwagilia bustani. Anakata kama mita moja na nusu, ambao ndio urefu wa bomba la tarumbeta likinyooshwa, anachomeka mdomo wa tarumbeta upande huu na faneli ya kujazia mafuta ya taa upande wa pili. Mtoto akiweza kutoa sauti tatu nne humo kwa midomo tu, bila kitufe, basi huyo siku akipewa tarumbeta hana shida. Nilijaribu nyumbani baadaye. Inafanya kazi, ingawa mbwa wa jirani hakupendezwa. Na mradi wake mkubwa, aliouhangaikia kuliko yote, ulikuwa kutunga mfululizo wa vipande vya shaba kwa vikundi vya mlimani kama chetu, visiwe tafsiri za Ulaya wala visiwe vya kurukia harusini. Sisi tulikuwa wa kwanza kujaribiwa.

Tukarudi kupiga. Sasa ulitulia, na ulikuwa wimbo mzuri. Ulikuwa kwenye B-flat, tarumbeta ya kwanza ikibeba wimbo mwenyewe, sisi tukijaza chini. Mwalimu alikuwa amefumba macho, akitusikiliza. Katikati akainua mkono.

"Nani hapigi re?"

Kimya, kisha wote wakaangua kicheko na kunitazama mimi.

Baritoni niliyokuwa nayo ilishawahi kuanguka kutoka kwenye pikapu ya harusi, enzi za aliyenitangulia. Kitufe cha tatu kiligoma tangu siku hiyo. Afadhali kiligoma kikiwa juu. Kingegomea chini, chombo kizima kingeshuka toni moja na nusu na tungekitupa. Tulijaribu mafuta ya cherehani, tulijaribu maji ya moto, fundi mmoja wa redio akajaribu koleo, tukamnyang'anya haraka. Kwa hiyo nilijifunza kuishi na vitufe viwili. Ukiwa kwenye B-flat, vitufe viwili vinakutosha karibu kote: do unayo, mi, fa, so, la, ti, zote zipo, na hata re ya juu. Inayokosekana ni re ya chini, ambayo inataka cha kwanza na cha tatu pamoja. Kila ilipofika nilikuwa naimeza, tromboni ya jirani inanifichia. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

Mwalimu akanyoosha mkono, nikampa. Akafungua kifuniko cha chini cha kile kitufe, akachungulia kwa tochi ya simu, akaona silinda ilivyobonyea kwa ndani, akafunga. "Huyu anataka fundi hasa," alisema, "na leo Jumamosi Kuu." Kisha akapiga. Alipanda na kushuka kwa vile vitufe viwili, taratibu, akarudia do na mi, do na mi, kila mara akiiruka re kwa kishindo kidogo. Alirudia hadi tukaanza kutazamana. Akaomba penseli.

Alichofanya sikukitegemea. Nilidhani atanipa sehemu ya kupumzika, au aniandikie mlio mmoja mrefu wa kushikilia ukuta. Badala yake alichukua wimbo wenyewe kutoka kwa tarumbeta ya kwanza akaniletea mimi, na kila palipokuwa na re ya chini akaifuta. Pale ulipokuwa unapanda ngazi kwa ngazi, do, re, mi, sasa uliruka, na mruko ule ukarudi tena na tena mpaka ndio ukawa sura ya wimbo. Kijana wa tarumbeta ya kwanza alinuna waziwazi. Alikuwa ameshamwambia mchumba wake aje na simu yenye chaji.

"Usinune mdogo wangu," Mwalimu akamwambia. "Saa kumi na moja alfajiri, baridi hii, tarumbeta yako itakuwa barafu na midomo yako itakuwa haijaamka. Nota ya juu itakupasukia mbele ya mchungaji. Mwache mwenye bomba pana aanze, wewe ingia beti ya pili ukiwa umepata moto."

Hilo la baridi ni kweli, kila mpigaji anajua. Shaba ikipoa sauti inashuka, ikipata joto la pumzi inapanda, na asubuhi za masika kule juu huwezi kutuni mara moja ukamaliza. Tulivaa vyombo ndani ya makoti tukielekea makaburini, matumbo mbele, tunapumulia ndani bila kupiga. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Nota zetu zilikuwa kwenye mifuko ya nailoni inayoonyesha, kwani marufuku ya mifuko ya plastiki ilikuja mwaka uliofuata, na kila mmoja alikuwa na mtu wa kummulikia kwa simu. Aliyenimulikia mimi alikuwa yule mchumba wa tarumbeta ya kwanza. Sijui walipanga vipi.

Mwalimu hakusimama mbele. Alijiweka mwisho wa mstari, tarumbeta ya tatu, akaniachia mimi nitoe ishara kwa pumzi. Nikavuta hewa, nikapiga do, nikaruka.

Sitasema nilipiga vizuri kiasi gani, maana aliyerekodi alirekodi zaidi giza. Najua ile mi ilikaa. Baritoni ikiwa imepata joto ina sauti ya mzee anayeongea na watu wake, haisukumi, na katika uwanja ule wenye ukungu ilikwenda mbali kuliko nilivyozoea. Beti ya pili matarumbeta yakaingia, safi, yote kwa sauti moja, na kijana wa tarumbeta ya kwanza akaupokea wimbo juu kabisa bila kupasua hata nota moja. Tuba ya Meku ikaja chini yake. Watu walikuwa wanaendelea kufika na miavuli, wakawa wanasimama pale pale walipo, njiani, badala ya kusogea. Mara ya tatu nikasikia akinamama wa kwaya wanaurukia nao, bila maneno, do, mi, wanaufuata mruko ambao jana yake saa tisa haukuwepo duniani.

Baada ya ibada Mwalimu alikula mtori kwa Meku, akatuachia karatasi, akashuka. Kesho yake, Jumatatu ya Pasaka, alikuwa na pikapu mbili Arusha. Kwaresima nzima kanisani hakuna harusi, kwa hiyo ikiisha watu huoana kwa fujo.

Baritoni ilikuja kutengenezwa baada ya miezi, na fundi aliyejua anachofanya. Alinyoosha silinda, akakisugua kitufe, na sasa nabonyeza vyote vitatu. Re yangu ya chini ni nzuri mno, naiweka hata pasipohitajika.

Mwisho wa mwaka ule nilikuwa Arusha kwa shughuli zangu, nimekwama kwenye foleni karibu na Mnara wa Saa, msafara wa harusi ukazunguka mara mbili. Pikapu, matarumbeta, ngoma, kelele tupu. Halafu wakaanza kitu ninachokijua. Walikuwa wameukimbiza, wameuwekea ngoma ya beni chini, lakini ulikuwa wenyewe, na Mwalimu hakuwa miongoni mwao. Matarumbeta yao yalikuwa mapya, yanang'aa, kila kitufe kinapanda na kushuka. Do, mi. Do, mi. Wote wanaruka.

Msafara uliposimama nilishuka kwenye daladala nikamfuata kijana wa mwisho pale nyuma ya pikapu.

"Dogo, mbona re hampigi?"

Alinitazama nilivyokuwa, sina chombo, nina mfuko wa vitunguu.

"Mzee, wimbo huu hauna re," akasema. "Ukiiweka unauharibu."