Mtungi wa maji moto kwenye boti la kliniki

Hii ilikua 2013. Nilikua fundi wa injini hapa Kisumu, kazi yangu ilikua matatu na malori, boti nilikua nimegusa mbili tu na zote za wavuvi. Sasa kulikua na boti moja la kliniki lilikua linazunguka visiwa, Takawiri, Mfangano na kwingine huko, linabeba sista na dawa na kitanda cha kuzalishia akina mama, injini ni Perkins ya dizeli silinda 4 imelala chini ya sakafu. Maji moto yalikua yanatoka kwa jiko la makaa. Jiko la makaa ndani ya boti la mbao! Mama akija kuzaa usiku na mawimbi yako juu, sista anashika sufuria na mkono mmoja, mwingine umeshika nguzo. Alinieleza hivyo mwenyewe tukiwa Dunga, akaniambia, "Fundi, hiyo injini inanguruma kutwa nzima na joto yote inamwagwa ziwani, na mimi niko hapa napuliza makaa."

Na ni kweli. Karibu theluthi moja ya joto ya dizeli unayochoma inabebwa na maji ya kupoza injini. Kwa gari hiyo joto inaenda kwa rejeta na feni inaipuliza, kwa boti inapokelewa na maji ya ziwa halafu inarudishwa huko huko ziwani.

Wenye boti wakaleta mtungi wa lita 40, umevalishwa sponji nene nje ndo usipoe haraka, ndani una koili ya shaba, yani bomba jembamba limekunjwa kunjwa. Sista akaja kuukagua, akaona mimi namimina kulanti ya kijani, hayo maji ya kupoza injini yenye dawa, kwa injini, akasimama hapo hapo. "Haya maji ya kijani ndo nitaoshea mtoto?" Nikaacha kazi nikamweleza pole pole, sababu kulanti ni sumu na alikua na haki ya kuuliza. Nikamwambia sista, hapa kuna maji ya aina tatu na hakuna yanapokutana. Kuna maji ya ziwa, hayo yanaingia na pampu yao, yanapoza na kutoka. Kuna haya ya kijani, yanazunguka ndani ya injini, na sasa yatakua yanapita kwa koili pia. Halafu kuna yako masafi, yamezunguka koili kwa nje, yanaguswa na joto tu. Akaniuliza na koili ikitoboka? Nikamwambia kulanti itapungua kwa injini, kwa hivyo nahodha ataangalia kiwango kila asubuhi kabla ya kuwasha, na yeye akiona maji yana rangi au utamu wowote asiyatumie kabisa. Hapo akatulia.

Kufunga kwenyewe kulinichukua siku moja. Nilitoa hosi moja kwa silinda hedi, hicho kichwa cha injini, upande wa kabla ya thamostati, ile valvu inayofunguka injini ikipata moto, sababu hapo maji yanatembea hata thamostati ikiwa bado imefunga, ikaenda kwa koili, nyingine ikarudi kwa mdomo wa pampu ya kulanti mahali inavuta. Hosi za hita zile ngumu, kila kiungo klipu mbili. Shida ikawa mahali pa kuweka mtungi. Chini kulikua kumejaa matangi ya dizeli na masanduku ya dawa, nikaupandisha kwa rafu karibu na paa, nikaufunga na mikanda ya chuma, ukakaa vizuri sana machoni.

Tukawasha, tukatoka kidogo tu kutoka gatini. Dakika kumi hivi geji ya joto ikaanza kupanda, 85, 90, 95, nahodha ananiangalia. Wakati huo gugu maji lilikua limejaa upande wetu wa ghuba, kwa hivyo mara moja nikasema ni gugu limeziba mlango wa maji ya ziwa. Tukazima, nikafungua chujio, nikatoa mizizi kiganja kimoja, nikafunga nikiwa na uhakika. Tukawasha tena, ikapanda tena. Nikamfungulia sista bomba lake, maji baridi kama ya mtungi wa udongo. Tulirudi gatini tukivutwa na boti la wavuvi na ile siku sikula.

Kulikua na mzee mmoja alikua amefanya kazi kwa meli za ziwa miaka mingi, amestaafu, anakaa kaa pale gatini. Akaingia bila kuuliza chochote, akaniambia niwashe, halafu akaweka mkono kwa hosi akaifuata kuelekea juu. Ilikua moto nusu mita ya kwanza, mbele baridi. "Nyathina," yani mwanangu kwa Kijaluo, "maji hayafiki huku. Hii ni hewa." Halafu akanyoosha kidole, mtungi uko juu, mahali pa kujazia kulanti kwa injini pako chini. Nilikua nimejaza injini nikaona imejaa, kumbe koili yote na hosi zote za juu ni hewa tupu, na pampu ilipoanza kusukuma hewa ikateremka ikaingia kwa injini yenyewe. Chombo chochote cha maji hujazwa kutoka mahali pa juu kuliko pote, hilo nililijua kutoka nikiwa mtoto na bado sikuliona.

Mtungi haungeshuka, kwa hivyo tukatafuta tangi dogo la kulanti, nililipata Jua Kali ya Kibuye limetolewa kwa lori, tukaliweka juu ya mtungi tena, na hosi ikashuka kutoka kwake hadi upande wa pampu unaovuta. Mimi nilitaka kuliacha na kifuniko cha kawaida. Jaduong', yule mzee, akakataa. Akasema hapa kwetu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji yakiwa wazi yanachemka kwa digrii kama 96, presha ndo inayazuia. Kifuniko cha presha kikahamia juu kwa tangi dogo, kule kwa injini tukaweka kifuniko cha kuziba tu. Tukablidi, yani tukaitoa hewa, pale koili iko juu kabisa, ikatoka ikikoroma muda mrefu, halafu kulanti safi. Akanishika mkono akauweka kwa hosi ya kurudi. Moto.

Kitu kimoja kilibaki na ndicho kinaniuma hadi sai. Mtungi ulikua na valvu ya kutolea presha, hiyo niliifunga sawa, lakini valvu ya kuchanganya maji moto na baridi sikua nimeona umuhimu wake. Injini ikitembea saa nzima maji ya mtungi yanakaribia joto ya kulanti, kama 80. Sista akafungua bomba akaingiza vidole akaruka. Vidole vitatu vikababuka. Vingekua vya mtoto mchanga? Nilipanda basi ya usiku kwenda Nairobi kuitafuta hiyo valvu, nikarudi nayo kesho yake, na sikudai pesa ya basi.

Safari ya kwanza nilienda nao. Tulilala Mbita injini imezimwa, na saa kumi na moja alfajiri, ule upepo baridi unatoka ziwani, sista akafungua bomba bila kusema kitu, akanawa hadi viwiko, akaosha vyombo vyake vyote. Maji yalikua bado ya moto. Kulipokucha akateremsha gunia lake la makaa lililobaki nusu, akampa mama mmoja anayekaanga samaki pale ufuoni, na jiko pia.