Kikopo tulichokikosa Mkunazini

Khamis alinipigia simu Jumatano usiku. "Yakhe, Jumamosi panda boti ya asubuhi, kuna vitu tukavitafute." Vitu gani? "We njoo tu." Tulisoma chuo pamoja Dar, na tangu siku hizo akikwambia njoo tu, beba maji na viatu vya kutembelea. Mimi nilibeba maji, miguuni nikavaa makubadhi.

Siku hizi yuko mapokezi kwenye nyumba ya wageni Shangani, Zanzibar. Huko ndiko alikoambukizwa jiokeshi na wageni wawili wa Kijerumani waliokuwa wakirudi kila jioni na magoti yamejaa chokaa. Mchezo wenyewe uko hivi: mtu anaficha kasha mahali, ndani anatia karatasi au kijidaftari, kisha anaweka viwianishi vyake, yaani namba zinazoonyesha mahali lilipo, mtandaoni. Wewe unafuata kwa GPS ya simu, ukilipata unaandika jina na tarehe, unalirudisha palepale. Zawadi hakuna. Ulianza Mei 3, 2000, siku moja baada ya Marekani kuacha kuivuruga makusudi ishara ya GPS inayotumiwa na raia. Jamaa mmoja, Dave Ulmer, akaficha ndoo porini huko Oregon na kutangaza ilipo. Khamis alinisimulia haya yote tukinywa chai, mimi nikakamata moja tu: kwamba ndani ya ndoo ile kulikuwa na kopo la maharage.

Kasha la kwanza lilikuwa upande wa baharini, si mbali na Forodhani, ugumu nyota moja na nusu kati ya tano. Nilitarajia sanduku. Kumbe ni kidude cha sumaku kisichozidi ncha ya kidole changu, kimeganda nyuma ya chuma kilichopigwa rangi, na ndani mna ukanda wa karatasi uliovingirishwa kama sigara. Tulikipata kwa dakika kumi. Kuuvuta ule ukanda bila kuuchana kulichukua dakika nyingine kumi, na hapo ndipo tukagundua hakuna aliyebeba kalamu. Khamis akaazima kwa muuza tiketi wa mashua. Ukienda, beba kalamu. Na kibanio cha nyusi, usicheke.

La pili lilikuwa ndani, vichochoroni, na huko ndiko simu ilipochanganyikiwa. Mshale ulisema mita 4. Nikapiga hatua mbili, mita 38. Nikasimama, mita 12, kuelekea nyuma. Mji Mkongwe majumba ni marefu, kuta nene za mawe ya matumbawe, na uchochoro mwingine ukinyoosha mikono unagusa pande zote mbili. Juu unaona utepe tu wa mbingu, kwa hiyo simu nayo inaona setilaiti chache, tena ishara nyingine zinaifikia baada ya kugonga kuta. Tarakimu ya mwisho ya viwianishi ina thamani ya karibu mita mbili, lakini pale hata mita ishirini ilikuwa bahati. Dawa yake, nilivyojifunza baadaye, ni kuacha kumfukuza mshale. Rudi penye uwazi, acha simu itulie, angalia picha ya setilaiti ujue ni kona ipi, kisha soma dokezo la mfichaji na utumie macho. Dokezo letu lilisema: chini ya wanaokaa.

Wanaokaa! Uchochoro mzima una baraza, na kila baraza ina watu. Wachezaji wa jiokeshi wanasisitiza usionekane ukitafuta, ili asiyejua mchezo asije akalichukua kasha. Sheria hiyo waliitunga watu wa misituni. Hapa utajificha wapi? Nikainama nijifanye nafunga kamba ya kiatu, nikakumbuka nimevaa makubadhi.

"Mmepoteza nini?" akauliza muuza kahawa, vifinjani vinagongana mkononi.

"Funguo," nikasema. Sijui kwa nini.

Basi hapo ndipo nilipoharibu. Mzee aliyekuwa anacheza dhumna akaacha mchezo. Vijana wawili wakawasha tochi za simu. Mama mmoja dirishani akawa anatuelekeza kutoka juu: hapo kwenye mchirizi, angalieni mchirizini, vitu vingi huingia humo! Watu saba wanatafuta funguo ambazo hazikupotea, na sisi wawili tunaomba Mungu wasije wakaona kikopo. Mwishowe Khamis akaudondosha ufunguo wake wa chumbani na kuuokota kwa shangwe. Alhamdulillah zikapigwa, tukalazimika kukaa tunywe kahawa ya shukrani, na nilipokaa ndipo vidole vyangu vikagusa kikopo cha filamu kwenye ufa chini ya makalio yangu. Nikasaini mgongoni kwa Khamis akiwa amenikinga. Jioni ile ile nilijiona mwongo kabisa, maana yule mzee alinipa pole mpaka na kashata.

La tatu tulilipata karibu na Ngome Kongwe, halina hadithi.

La nne, Mkunazini, ndilo lililotukalisha. Tulifika saa kumi, jua limelegea, tukazunguka ukuta wa nyumba moja nusu saa. Dokezo lilitaja tundu kwenye ukuta, kimo cha kiuno. Tundu tuliliona. Lilikuwa limezibwa kwa chokaa mpya, nyeupe kuliko ukuta wote. Waliotutangulia, miezi miwili nyuma, walikuwa wamelipata bila shida.

Nikamwambia Khamis, safari hii hakuna funguo. Tukapiga hodi.

Akatoka bibi mmoja, kanga mbili, miwani imening'inia shingoni. Shikamoo bi. Marahaba wanangu. Khamis akaeleza: kuna kikopo, kuna mchezo, watu wanatafuta kwa simu, wanaandika majina. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa.

"Nyinyi ndio wenye kile kikopo?"

"Si chetu, bi. Sisi tunakitafuta tu."

"Astaghfirullah." Akakaa barazani. Wiki kadhaa zilizopita, akasema, mjukuu wake alikichomoa ukutani akienda chuo cha Kurani. Kikopo kidogo, kimefungwa kwa utepe mweusi. Ndani karatasi imevingirishwa, imejaa majina ya watu asiowajua, na tarehe, moja chini ya nyingine. "Ukikuta kitu kama hicho kwenye ukuta wa nyumba yako, utasema ni nini?"

Hatukuwa na jibu. Mimi mwenyewe ningesema ni hirizi, tena ya kitu kibaya. Bibi alifukiza ubani vyumba vyote, akamwita mwalimu wa chuo asome, kikopo akakitia kwenye mfuko kikatupwa baharini, na fundi akaziba tundu kwa elfu ishirini.

Mchezo wenyewe una kanuni kwamba mwenye mahali aombwe ruhusa kwanza, na hapa ni wazi hakuombwa. Tukaomba radhi kwa niaba ya mtu tusiyemjua. Khamis akaandika palepale kwenye programu: hatukukipata, kimeondolewa na mwenye nyumba, tafadhali kifute. Akamsomea bibi alichoandika, neno kwa neno, akaridhika.

Tulipokuwa tunaaga akatuita.

"Na nyie leo mmeandika majina yenu kwenye vikaratasi hivyo?"

"Ndiyo, bi. Vitatu."

Akavaa miwani, akatutazama mmoja mmoja. "Basi niambieni majina yenu kamili na ya mama zenu. Usiku nitakusomeeni."