Maji ya bati langu yanazama hapa hapa

Ukijenga mlimani hapa Kigoma mjini, maji ya mvua yanakuwa shida ya aliye chini yako. Mimi niko kwenye mteremko Mwanga, nina jirani juu na jirani chini, kwa hiyo shida hiyo naijua pande zote mbili.

Fundi alinishauri nijenge mtaro wa zege mpaka barabarani. Nikapiga hesabu: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa langu lina mita za mraba 90, na mvua ya milimita 40 kwetu si kioja. Hizo ni lita 3,600! Zege lingezifikisha kwa jirani haraka zaidi, basi.

Nikachimba makinga maji mawili, yaani mitaro ya kuyazuia maji, kukatisha mteremko. Kazi yenyewe iko kwenye usawa, maana kingamaji kikiinama upande mmoja, maji yote yanakimbilia huko na kubomoa. Tulipima kwa ule mpira mweupe wa mafundi uliojazwa maji, mmoja huku, mwingine kule. Udongo tuliutupa upande wa chini ukawa tuta, juu yake tukapanda vetiva, majani ya kushika udongo. Mabingobingo hukua haraka, lakini mizizi ya vetiva hushuka wima zaidi ya mita 2 na haisumbui mihogo.

Maji ya bati yanajaza simtanki kwanza. Yanayofurika yanaingia kwenye shimo pana la kina cha goti, mbali na msingi na choo: chini changarawe, juu mchanga na mboji, humo migomba na magimbi. Yakizama ndani ya siku 2, viluwiluwi hawawahi kuwa mbu. Yakichelewa, ujue tope limeziba, likwangue. Acha pia mlango wa mawe wa maji ya ziada.

Haya hayamsaidii mtu wa ufukweni aliyefuatwa na ziwa lilipopanda 2020 na 2021. Na bondeni Katubuka panataka kazi ya manispaa, si jembe langu.

Jirani wa chini alikuja mwenyewe: "Mwanangu, na mimi nigawie hayo majani." Nilimpasulia mashina, nikayapunguza majani yakabaki ya shubiri moja. Ayapande mvua zinapoanza, yakaribiane kiasi cha kiganja.