Nilivyomjua mende anayetoboa maharage yangu

Misimu miwili niliamini shamba langu la Inyala lina wadudu wa aina tatu: wa rangi ya chungwa, wa chungwa mwenye mgongo mweusi, na mweusi mtupu. Maharage yakichipua na majani mawili tu, baada ya siku chache yamekuwa chekeche. Kila rangi niliitafutia dawa yake.

Mvua zilizofuata niliwakamata, nikawatia kwenye chupa, nikampelekea bwana shamba.

"Mama, hawa ni ukoo mmoja," akasema. "Usitazame rangi, tazama papasi, zile pembe mbili za kupapasia kichwani."

Zilikuwa ndefu na nyembamba kama uzi. Yule mdudu wa mviringo mwenye madoa, anayekula vidukari, ana papasi fupi zilizonenepa nchani. Iliniuma, maana huyo ni msaidizi wetu na nilikuwa nimempulizia dawa mara nyingi.

Jenasi ya wale mende wangu ni Ootheca, katika familia ya Chrysomelidae, mbawakavu wala majani, nusufamilia ya Galerucinae. Wanaojulikana zaidi kwenye maharage na kunde ni Ootheca bennigseni na Ootheca mutabilis. Neno mutabilis ni la Kilatini, maana yake "anayebadilika", na kweli ndani ya spishi hiyo moja utakuta wa chungwa na weusi.

Kumjua ukoo kulinifungua macho kuhusu mwenendo wake. Mende aliyekomaa hula majani, lakini hutaga mayai udongoni, na mabuu hula mizizi pamoja na vile vinundu vinavyolisha mmea naitrojeni. Ndiyo maana maharage yangu yalikuwa yakigeuka manjano hata baada ya mende kupungua juu. Kizazi kipya hukomaa humohumo ardhini na kukaa kiangazi kizima kikisubiri mvua. Mimi nilikuwa napanda maharage juu ya maharage kila mwaka, yaani nawaandalia chakula mlangoni.

Basi baada ya kuvuna nililima mapema, udongo ukageuka na jua likawapata. Pale nikapanda alizeti, maharage nikayahamishia kwenye shamba lililokuwa na mahindi. Mende huruka, kwa hiyo nilimwomba na jirani, mzee wangu wa heshima, afanye hivyohivyo. Alikubali.

Matundu hayakwisha kabisa. Ila wakati wa maua niling'oa mche mmoja, nikapasua kinundu kwa ukucha: ndani kilikuwa na rangi ya waridi, kizima.